Vyungu Kumi na Vinne vya Nyumba ya Wazazi

Masatu alikuwa fundi mwashi, na kati ya Bunda na Kibara hakuna mtu aliyeweza kukuonyesha ukuta wake uliopinda. Ujanani alijenga Kitaji mjini Musoma, akajenga Butiama, akajenga Bunda, kisha akarudi kwao Kabarema, kando ya ziwa, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtu hawezi kuzeeka akila samaki wa watu wengine. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na kile kiburi kidogo cha mafundi cha kusimama mbele ya nyumba ya mwenzake, kufumba jicho moja, kupima pembe bila kuombwa, na kuondoka akiguna. Watu walimsamehe. Aliyekujengea nyumba isiyovuja unamvumilia mengi.

Lakini fundi huyu aliyezoea kupima kuta za wenzake alikuwa na ukuta mmoja ambao hakupenda kuutazama. Akienda ziwani kuoga alizunguka njia ya mihogo, ndefu maradufu, ili asipite mbele yake. Ukuta huo ulikuwa wa Nyumba ya Wazazi.

Nyumba ya Wazazi ndiyo zahanati ya Kabarema. Ilijengwa kabla ya Vita vya Pili, Masatu akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Mabruda wa misheni walileta ramani, wanakijiji wakaleta mawe. Kuta zake zilikuwa na unene wa mkono mzima, toka kwapa hadi ncha ya kidole, zimeunganishwa kwa chokaa. Paa lilikuwa la vigae vya udongo, na baraza pana liliizunguka pande zote ili jua lisiguse ukuta. Chini, karibu na sakafu, upande wa ziwani, waliacha nyufa nyembamba za kuingiza hewa. Juu, chini ya paa, bruda alitaka matundu ya kuitolea, ila matofali ya matundu hayakuwepo na meli ya kuyaleta haikujulikana itafika lini.

Wanawake wa Kabarema, ambao walikuwa wafinyanzi toka enzi za bibi zao, walimwambia bruda aache kulia, vyungu vipo. Kila ukoo ulitoa chungu kimoja. Vitako vilitobolewa, vyungu vikalazwa ukutani, midomo ikitazama nje. Kumi na vinne. Hewa ya baridi iliingia kwa chini, ya moto ikapanda na kutoka kwenye midomo ile, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Hakuna kilichozunguka, hakuna kilichonguruma, hakuna kilichokunywa mafuta. Mwanamke mwenye uchungu aliingia mle saa nane za mchana wa Januari akaomba kujifunika shuka.

Chungu cha tatu kutoka pembe ya ziwani kilikuwa cha Nyamburi, mama yake Masatu. Ulikijua kwa alama za kucha alizozibonyeza kuzunguka mdomo udongo ukiwa mbichi. Kila walipopita pale alikionyesha kwa kidole. "Kile changu," alisema, kama vile vingine vilikuwa vimeokotwa. Alisema hivyo hadi mwaka aliokufa.

Sasa wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli. Ila wahenga hao hao hawakutuambia kitu juu ya mtu anayeziba tundu lililotobolewa makusudi, na huyo ndiye Masatu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Waliozaliwa baadaye wajue tu kwamba sabuni ilikatwa kwa uzi kila nyumba ipate kipande, na kwamba mfuko wa saruji ulipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa Mungu. Kamati ya zahanati ilikuwa imeomba saruji ya sakafu kwa miaka miwili. Siku ilipokuja, ilikuja mifuko kumi. Masatu akapiga sakafu vizuri sana, na kwa kuwa alikuwa fundi asiyepoteza, alipomaliza ikabaki mifuko minne. Akaiweka chini ya kitanda chake isipate unyevu wa ziwa.

Wiki ile ile ikatangazwa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mgambo wakaanza kupekua nyumba. Huko Bunda watu walimwaga sukari porini usiku na kuzika mafuta ya kupikia kama maiti. Ilisemekana mfanyabiashara mmoja alitupa majora ya vitenge ziwani, na asubuhi wavuvi wakavuta nyavu zenye maua badala ya sato. Watu walicheka kwa sauti ndogo, kisha wakaenda kuangalia chini ya vitanda vyao.

Masatu aliangalia chini ya chake akaona kifungo. Karatasi ilisema mifuko kumi, sakafu. Angeirudisha minne angeulizwa kwa nini ilibaki, na alikuwa na hakika hakuna ofisi itakayoamini kwamba ilibaki kwa sababu fundi ni mwaminifu. Angeiuza, ni ulanguzi. Angeitupa, hapo ndipo moyo wake ulipogoma. Watu walikuwa wakijenga kwa tope, wakiomba Mungu mvua isije ya ubavu, naye atupe saruji ziwani? Saruji ilikuwa kama chakula. Chakula hakitupwi, kinatafutiwa tumbo.

Akaitafutia tumbo. Kwa siku moja na nusu alipanda ngazi na kuziba vyungu vyote kumi na vinne. Kwanza alisokomeza ndani ya kila chungu karatasi za mifuko, ya ile minne na ya ile sita ya mwanzo, maana karatasi nazo zilikuwa ushahidi. Kisha akafunika midomo kwa saruji na kuilainisha kwa mwiko. Iliyobaki aliipaka nje ya ukuta wa chumba cha mwisho, ule upande wa ziwani, juu ya chokaa ya mabruda. Hata nyufa za chini za chumba kile zilimezwa. Alifika chungu cha mama yake jua likizama. Alisita, hilo lazima lisemwe. Kisha akasikia sauti ya gari upande wa barabara, akakiziba kama vingine.

Magesa, mwenyekiti wa kamati, alipomuuliza sababu, Masatu alijibu bila kumeza mate kwamba mtaalamu wa afya wa Bunda alisema popo wanaleta maradhi. Mtaalamu huyo hakuwahi kuzaliwa. Mgambo walikuja kesho yake, hawakukuta kitu, na mmoja wao akausifu ukuta. Popo kweli waliondoka. Hata sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka majini kama moshi na kujaa kwenye taa, walipungua wodini. Wanawake wakamshukuru Masatu. Akina mama wawili wakamletea kuku.

Kiangazi cha kwanza alipoingia mle ndani kurekebisha komeo, joto lilimkaa kichwani kama kofia ya mtu mwingine. Alikuwa fundi, alielewa palepale. Angeweza kusema siku ile. Lakini vita vya wahujumu vilikuwa havijapoa, na vilipopoa ilikuwa aibu imeshachukua nafasi ya woga, na aibu hukaa muda mrefu kuliko woga. Akaanza kupita njia ya mihogo.

Katika chumba cha mwisho ndimo lilimokuwa friji la chanjo, lile linalotumia mafuta ya taa, lenye tangi chini na utambi wa kupandishwa na kushushwa. Lililetwa mwaka wa sabini na tisa na lilifanya kazi vizuri miaka minne. Baada ya vyungu kuzibwa likaanza kusumbua. Hakuna aliyeshangaa. Mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya kubahatisha siku hizo, na yalipopatikana watu walisema yamechanganywa na maji. Shida ni blanketi kubwa, linafunika makosa ya wengi, na la Masatu lilikuwa limelala humo kwa joto kabisa.

Kisha likaja soko huria, blanketi likavutwa. Kufikia mwaka wa tisini na nne mafuta ya taa yalijaa hadi kwenye vibanda vya nyanya, masafi, ya bluu, na bado friji lilikuwa linayanywa. Dumu la lita tano halikufika siku ya tano. Nesi Jeska, binti mwembamba aliyehamishiwa Kabarema miaka minne nyuma na ambaye hakuwa na desturi ya kulalamika, alipandisha utambi mpaka ukatoa moshi, akafunika friji kwa magunia mabichi, akaandika daftarini kila asubuhi na kila jioni: nyuzi tisa, nyuzi kumi, nyuzi kumi na moja. Haitakiwi kuzidi nane. Zaidi ya hapo dawa inakufa ndani ya chupa, na mama anaondoka akiamini mwanawe amekingwa. Mara mbili Jeska alimwaga chanjo nzima shimoni huku akilia.

Ndipo akaja Florian, kijana wa wilayani aliyekuwa akizunguka na pikipiki kukagua mafriji. Alikaa nusu siku na vipimajoto vyake, kamati ikimsubiri barazani, Masatu akiwa mmoja wao kwa sababu kila kamati inahitaji fundi.

"Shikamooni wazee," alisema alipotoka, akijifuta jasho. "Friji siyo bovu. Nimelifungua lote. Chumba ndiyo kinapika. Saa hizi hapa barazani ni nyuzi thelathini. Mle ndani ni thelathini na nne."

"Ndani kuzidi nje?" aliuliza Magesa.

"Ndiyo hata mimi najiuliza, mzee. Nyumba ya mawe namna hii ilitakiwa iwe na baridi. Sijui inakuwaje." Alifunga daftari lake. "Mimi sina ubaya na nyie. Lakini mwisho wa mwezi nikikuta bado imezidi nane, friji nalihamishia Kibara. Nimeagizwa hivyo."

Kibara ni mwendo wa saa nne kwa miguu ukiwa huna mtoto mgongoni.

Magesa alikuwa na jibu mfukoni. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na wema wenye haraka ni wa kuangaliwa. Alisema nyumba imezeeka, nayo kama mtu akizeeka huwa na homa. Alisema Mayala, mfanyabiashara wa Bunda, ameahidi bati za jengo jipya kama atapewa mawe na vigae vya hili la zamani akajengee gesti yake. Saruji siku hizi inauzwa hadi kwenye duka la chumvi. Tubomoe, tujenge ya kisasa ya bloku, na fundi mkuu tunaye hapa hapa, mzee Masatu.

Watu wakapiga makofi. Masatu alikuwa na miaka sitini na miwili, na ilikuwa miaka mitatu hajapata kazi kubwa. Vijana wa bloku walikuwa wamemwacha nyuma. Makofi yale yalimwingia vizuri mwilini.

"Na friji?" aliuliza Jeska.

"Liende Kibara kwa muda," alisema Magesa. "Tukimaliza linarudi."

"Mzee, vitu vya serikali vikiondoka havirudigi," alisema Jeska.

Masatu alitazama juu, chini ya paa, akaona madoa kumi na manne ya kijivu, mazuri, laini, kazi ya mkono wake.

Siku mbili hakula sawasawa. Siku ya tatu asubuhi mkewe, Esta, alimkuta shambani amesimama na jembe kama aliyelikodi. Esta alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno ya akiba. Aliyatoa mara chache, na yalipotoka yalikuwa yamehesabiwa.

"Baba Pastory," alisema, "utawaambia lini?"

"Nitawaambia nini?"

"Mi nililala juu ya ile saruji wiki mbili. Unadhani nilikuwaga sijui niko juu ya nini? Mgongo ulinijuza."

Masatu aliweka jembe chini. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba siri ile peke yake kama mtu abebaye ndoo kichwani huku akiogopa kutazama pembeni, na kumbe kulikuwa na mwenzake nyuma akimtazama anavyoyumba.

"Wakijua, ile kazi sipati," alisema. "Na jina langu ndo basi."

"Jina." Esta alichuma majani mawili ya mhogo, akayakunja taratibu. "Wanetu Hyasinta na Apolinary walikufa surua wiki moja. Hawakuchomwa ile sindano kwa sababu haikuwepo. Hiyo nilimwachia Mungu. Huyu mtoto wa Pastory anatimiza miezi tisa mwisho wa mwezi. Akikosa, nitamwachia nani? Saruji?"

Mjukuu huyo aliitwa Nyamburi, jina la mama yake Masatu, kama ilivyo desturi. Masatu alikaa chini pale pale kwenye tuta, akalia kama hajawahi kuwa na kiburi. Hakulia kwa ajili ya kazi. Aliwalilia wale wawili, ambao kwa miaka kumi na saba alikuwa hajawalilia vya kutosha, na alilia kwa hofu, kwa sababu aliona wazi kwamba jambo la kutisha linaweza kurudi nyumbani kwake likiwa limeingilia kwenye tundu aliloziba yeye mwenyewe.

Jumapili, ibada ilipokwisha, aliomba watu wa Kabarema wasitawanyike. Aliwaongoza hadi Nyumba ya Wazazi akiwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba ngazi begani. Wengine walidhani anakuja kupima nyumba kabla ya kuibomoa. Akaegemeza ngazi, akapanda hadi chungu cha kwanza, akatoa tindo na nyundo ndogo aliyoifunga kitambaa. Alipiga mara sita. Saruji ikavunjika kwa vipande, ikaanguka barazani, na nyuma yake kikachomoza kitu cha kahawia. Alikivuta polepole, kikatoka kirefu kama utumbo: karatasi ya mfuko wa saruji.

"Vyungu mimi ndo niliviziba," alisema akiwa bado juu ya ngazi, kwa sababu alijua akishuka hatasema. "Hakuna mtaalamu wa Bunda. Nilikuwa na saruji imebaki, nikaogopa kufungwa, nikaimalizia hapa. Joto la humu ndani ni langu. Friji halina kosa, nesi hana kosa, wala nyumba haijazeeka. Ni mimi."

Magesa alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Miaka kumi na moja umetupika, mzee Masatu."

"Ndiyo."

"Na juzi hapa unapigiwa makofi."

"Ndiyo. Niliyapokea."

Mama mmoja, Selestina, alisogea mbele. Chungu kilichokuwa kimefunguliwa kilikuwa cha ukoo wao. "Mimi mtoto wangu wa pili nilijifungulia hapa barazani, mvua inanipiga," alisema. "Ndani nilishindwa, nilihisi nimewekwa chunguni. Nikamlaumu nesi, nikamlaumu Mungu. Kumbe joto lilikuwaga na mwenyewe."

Ni Selestina mwenyewe aliyemaliza jambo. Alisema kumtukana mzee kwenye ngazi ni kazi bure, anaweza kuanguka na kuwapa matanga. Atavifungua vyote kwa mkono wake, bila msaidizi, na kila ukoo utaleta mwanamke wa kusimama chini ya chungu chao na khanga mkononi. Kikivunjika kiangukie kwenye khanga, na Masatu amtazame mwenyewe usoni. Watu waliona hiyo ni hukumu ya kutosha.

Basi kwa siku sita Kabarema waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona: fundi Masatu akifanya kazi akiwa anaogopa. Alipiga, akasimama, akasikiliza, akapiga. Karatasi alizozisokomeza zilimsaidia, maana saruji ilikuwa imeshika midomo tu na haikushuka tumboni. Kila karatasi ilipochomoza watoto walishangilia, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wamempa jina, Mzee Mfuko, ambalo hakulipoteza tena. Ukuta wa chumba cha friji aliubandua saruji yote, akazibua nyufa za chini, akakuta mawe yameloa kwa miaka ya kunyimwa pumzi. Akayaacha yakauke, kisha akapaka chokaa kama ilivyokuwa.

Popo nao walifikiriwa. Mvuvi mmoja alitoa wavu mkuukuu wa dagaa, ukakatwa na kuwambwa kwa ndani kwenye kila chungu. Kuhusu sami, bibi mmoja aliyewahi kufagia wodi enzi za mabruda alicheka sana. "Sisi hatukuzibaga," alisema. "Jioni taa tulikuwa tunaitoa nje, tunaiweka juu ya beseni la maji mwisho wa baraza. Sami wanaifuata, wanakufa huko. Nyie mnawasha taa ndani halafu mnasema wadudu wanaingia." Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu hicho kwa miaka mingi. Alimfundisha Jeska pia madirisha: yafunguliwe jua likizama, yafungwe saa tatu asubuhi kabla joto halijaamka, na mtu asiyaguse tena hadi jioni.

Chungu cha Nyamburi Masatu alikiacha cha mwisho. Chini yake alisimama Esta, na khanga yake ya ndoa. Alipiga mara ya kwanza, saruji ikabisha. Alipiga mara ya pili, na ule mlio anaoujua mtu wa kazi ya udongo ukasikika, mwembamba, na mstari ukakimbia kwenye mdomo wa chungu. Masatu aliweka nyundo mfukoni. Siku ile na siku iliyofuata alifanya kazi kwa msumari na vidole, akikwangua punje kwa punje, mdomo wake ukitembea bila sauti. Watu walidhani anasali. Esta alisikia kwamba anazungumza na mama yake, na hayo aliyoyasema Esta hakuwahi kumwambia mtu.

Chungu kilipona. Kipande kimoja tu cha mdomo kilibanduka, chenye alama mbili za kucha, kikaangukia kwenye khanga. Magesa, ambaye hasira yake haikuwa ya kudumu na alikuwa amekuja kuangalia, alisema hilo si kitu, dukani pana saruji, apewe konzi moja tu akibandike.

"Saruji hapana," alisema Masatu kutoka juu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile watu walicheka pamoja naye. Alikibandika kwa chokaa.

Hasara alizipata, isidhaniwe hakuzipata. Mayala aliposikia hakuna mawe wala vigae, akazirudisha bati zake moyoni. Jengo jipya halikujengwa, kazi ya fundi mkuu ikafa kabla ya kuzaliwa, na huko Kibara mtu aliyekuwa akimwita kujenga jiko alimwita mwingine, akisema anaogopa kuzibiwa bomba la moshi. Masatu alirudi kwenye kazi ndogo, vizingiti na mabanda ya kuku. Lakini alianza tena kwenda ziwani kwa njia fupi.

Florian alirudi siku ya mwisho ya mwezi, safari hii kwa gari badala ya pikipiki, na kamba za kufungia friji. Alikuta akina mama wamejaa barazani, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki na hakuna aliyekuwa tayari kuikosa ile ambayo huenda ni ya mwisho. Saa nane mchana aliingia na vipimajoto vyake. Nje thelathini na moja. Chumbani ishirini na nane. Alisoma daftari la Jeska ukurasa mzima, kidole kikishuka: saba, sita, saba, sita, sita. Aliuliza mafuta. Jeska akamwonyesha dumu, siku ya saba, na lilikuwa bado linatikisika.

"Mmeweka feni?" aliuliza.

"Tumezibua vyungu," alisema Jeska.

Florian alitazama juu, chini ya paa. Kisha alitoka kwenda kwenye gari, akarudisha zile kamba chini ya kiti.

Jeska akaanza kuita majina. Lilipoitwa jina la Nyamburi Pastory, mama yake alikuwa mbali kwenye mstari wa mizani, kwa hiyo ni Masatu aliyesimama na mtoto mikononi, akaingia chumba cha mwisho ambacho kwa miaka kumi na moja hakukipenda. Kulikuwa na ubaridi. Jeska alichomoa chupa ndogo kwenye friji, na chupa ilikuwa na jasho.

"Mshike mkono, baba. Kaza."

Masatu alikaza. Sindano ikaingia, na mtoto alivuta pumzi, akanyamaza kidogo kama anayefikiri, kisha akalia kwa sauti iliyofika hadi barazani, kilio cha mtu mzima wa afya aliyeonewa. Jeska alimtazama yule mzee aone kama ataomba radhi kwa kelele, kama wanavyofanya wengine.

"Mwache alie," alisema Masatu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika Nyamburi. "Wenzake wawili hawakupata nafasi ya kuililia sindano hii."

Alitoka naye barazani, akasimama chini ya chungu cha tatu kutoka pembe ya ziwani, akamwonyesha kwa kidole.

"Kile cha kwako," alimwambia.